Nyumba Mbili za Dk. Du Bois



Leo twataka kusema juu ya nyumba mbili za Dk. W.E.B. Du Bois, mtaalamu wa Wamarekani Weusi, aliyezaliwa mwaka 1868. Mwaka 1945 alikuwa pamoja na Jomo Kenyatta katika mkutano wa Waafrika huko Manchester, Uingereza. Mwaka 1951 serikali ya Marekani ilimshtaki kwa kazi yake ya kutetea amani. Hakimu alimwachilia, lakini baadaye alinyimwa pasi mpaka 1958.

Nyumba ya kwanza, ya jamaa za mama yake, ilikuwa Great Barrington. Rafiki zake walimnunulia mwaka 1928. Kuitengeneza kulimshinda, akaiuza mwaka 1954, nayo ikabomolewa. Ukumbusho ulipowekwa kiwanjani mwaka 1969, watu wengi wa mji walipinga, wakisema alikuwa Mkomunisti. Mwaka 1976 serikali ile ile ikapatangaza kuwa mahali pa historia. Nyumba haipo!

Ya pili iko Accra, Ghana, alikohamia mwaka 1961 kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah, akafa 1963. Hiyo ilitunzwa. Mwaka 1985 ilifunguliwa kwa wananchi, na kaburi lake liko hapo hapo.

Ndugu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nyumba ya namna hii, hata ukijenga ukuta mpya, si ile. Serikali huweza kugeuza nia. Nyumba iliyoanguka hairudi. Basi sisi wafanya kazi tusingoje waliotutetea wasifiwe na wakubwa ndipo tuzitunze nyumba zao. Tuzitunze zingali zimesimama.