Moyo wa Mjamzito Aliyepona Saratani Utotoni

Tangu Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alipoeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao baadaye ulipewa jina lake, Afrika Mashariki imekuwa ikitibu saratani za watoto, na miongoni mwa waliopona wamo wanawake ambao sasa wanafika kliniki ya wajawazito bila yeyote kujua walichopitia.

Kinachotia shaka hapa ni tiba iliyowaponya. Dawa za jamii ya antrasaiklini, mfano doksorubisini, huharibu chembe za misuli ya moyo, na kwa kuwa chembe hizo karibu hazizaliwi upya, mtoto hukua akiwa na moyo wenye akiba ndogo ya nguvu ambao kwa miaka mingi hauoneshi dalili yoyote. Hatari huwa kubwa pale jumla ya dozi zote ilipofikia miligramu 250 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, au kifua kilipopigwa mionzi ya grei 30 na zaidi. Hata hivyo, si kila aliyepona yumo katika kundi hili: wagonjwa wengi wa uvimbe wa Burkitt walitibiwa kwa saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati bila antrasaiklini, ilhali aliyetibiwa saratani ya figo iliyosambaa huenda alipewa doksorubisini.

Ujauzito huidai akiba hiyo. Ujazo wa damu huongezeka kwa takribani asilimia 40 hadi 50, moyo hupiga haraka zaidi, na mara kondo la nyuma linapotoka, mfuko wa uzazi hujikaza na kurudisha damu nyingi kwenye mzunguko, kiasi kwamba saa na siku za mwanzo baada ya kujifungua, wakati ambapo mama huwa anaandaliwa kuruhusiwa, ni za hatari pia. Ugumu ni kwamba kuhema, kuchoka na kuvimba miguu ni mambo ya kawaida ya mimba kubwa. Lakini mama anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au anayeshtuka usiku akitweta, hapaswi kuambiwa avumilie.

Miongozo ya kimataifa inashauri kwamba kila aliyepata antrasaiklini au mionzi ya kifua apimwe moyo kwa eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonesha jinsi moyo unavyosukuma damu, kabla ya kushika mimba au katika miezi mitatu ya mwanzo. Wengi huonekana wako salama na hujifungua bila tatizo. Anayetumia enalapili kwa ajili ya moyo hubadilishiwa dawa mapema, kwani enalapili humdhuru mtoto tumboni.

Kikwazo kikubwa, pengine kuliko uhaba wa mashine, ni kumbukumbu. Huenda mgonjwa alikuwa na miaka 6 alipotibiwa, wazazi walificha jina la ugonjwa, na faili limebaki hospitali ya rufaa. Mkunga akiuliza tu kama mama ana ugonjwa wa moyo, atajibiwa hapana, na jibu hilo ni la kweli kwa kadiri mama anavyojua. Swali linalofaa ni kama aliwahi kulazwa muda mrefu utotoni, akatundikiwa dripu ya dawa nyekundu kama doksorubisini, nywele zikanyonyoka. Nazo wodi za saratani za watoto zinapaswa kumkabidhi kila anayeruhusiwa karatasi yenye majina ya dawa na jumla ya miligramu alizopewa, itakayohifadhiwa pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.