Mlango usiofungika: haki ya mpangaji na kazi yetu sote

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, hapa Uvira)

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya nyumba za kupanga. Wengi wenu mulirudi kutoka Nyarugusu ao Burundi, na hamkukuta nyumba yenu. Ingine ilikuwa imeanguka, ingine iko na watu ndani, na zingine zilibebwa na maji ya Mulongwe mwaka 2020. Basi mukapanga. Siye tunaotembea kwenye tereni tunaingia katika nyumba hizo kila juma, na leo tunataka kuongea juu ya kitu kimoja tu: mlango.

Kuna mama mmoja, mwanachama wetu, ambaye ameturuhusu kusimulia habari yake bila kutaja jina. Alipanga vyumba viwili yeye na watoto. Mbao za mlango wa nyuma zilikuwa zimeliwa na mchwa tangu mbele ya yeye kuingia, na komeo lilikuwa linashikwa na msumari mmoja. Alimwambia mwenye nyumba mara tatu, kwa mdomo. Mara ya kwanza aliambiwa, "Fundi atakuja." Mara ya tatu aliambiwa, "Nyumba ni hivi. Kama haupendi, uhame." Usiku akawa anasukuma meza kwenye mlango, na binti zake wanalala chumba cha mbele. Siku moja alienda kwenye kilio kwa jirani. Aliporudi, mlango ulikuwa chini, na cherehani imekwenda. Hiyo cherehani alinunua kwa mkopo wa chama hiki, na mpaka leo angali analipa.

Tulienda naye kwa shefu wa avenyu. Mwenye nyumba akasema, "Huyu mama hajaniambia kitu. Alipoingia mlango ulikuwa mzima. Ni yeye ameuharibu." Tukamuuliza mama kama ana karatasi. Hakuwa nayo hata moja. Kontra ilikuwa ya mdomo, garanti alitoa mkononi mwa komisioneri, risiti hakuna. Mwisho shefu aliwapatanisha: mwenye nyumba akaweka mlango mpya. Lakini cherehani hakuna mtu alilipa.

Sasa sheria inasema nini? Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni ya zamani lakini ingali inafanya kazi, inamupa mwenye nyumba kazi tatu: kukupa nyumba, kuitunza ibaki inafaa kwa ile kazi uliyoipangia, na kukuacha ukae ndani kwa amani. Nyumba ya kulala watu ambayo haifungiki haifai kulala watu. Kwa hiyo, unapoomba mlango utengenezwe, hauombi zawadi. Ni kitu unacholipia kila mwezi.

Lakini tusidanganyane. Sheria hiyohiyo haimfanyi mwenye nyumba kuwa mlinzi wako. Mwizi akivunja mlango mzima, huwezi kumudai mwenye nyumba vitu vyako. Tena matengenezo madogo yanayotokana na matumizi ya kila siku ni ya mpangaji. Ukipoteza ufunguo, ao mtoto wako akivunja kitasa, ni wewe utatengeneza. Kile kilichoharibika kwa uzee ao kwa nguvu isiyozuilika si juu yako. Mnaona shida iko wapi? Kila mara watu watabishana: mlango ulikuwa mbovu tangu mbele, ao umeharibikia mikononi mwako? Mwenye karatasi ndiye atasikilizwa.

Ndiyo maana sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga, inataka kontra iandikwe, na hali ya nyumba iandikwe pia wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kwa Kifaransa wanaita état des lieux. Sheria hiyo inasema pia garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3, na mwenye nyumba akitaka utoke akupe preavi ya miezi 3. Kwa hiyo lile neno "uhame" halitoshi kukutoa kesho asubuhi.

Tunawaomba mufanye hivi.

Kwanza, mbele ya kutoa garanti, fungeni kila mlango na kila dirisha kwa mikono yenu. Muulize funguo ziko ngapi na nani mwingine yuko nazo. Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa alibaki na ufunguo. Muandike yote, hata kwenye karatasi ya daftari: mlango wa mbele mzima, mlango wa nyuma umeliwa na mchwa, dirisha moja halina komeo. Mutie sahihi wote wawili, na shahidi mmoja. Mwenye telefone apige picha siku hiyohiyo.

Pili, kitu kikiharibika, semeni kwa mdomo kwa heshima, halafu muandike. Mistari mitatu inatosha: tarehe, kitu gani kimeharibika, munaomba nini. Mubaki na kopi. Asiyejua kuandika aje kwa katibu wetu.

Tatu, kama mwenye nyumba hana pesa kwa sasa, musikilizane. Wenye nyumba wengi wa hapa si matajiri, wengine munaishi nao katika lupango moja. Unaweza kununua kadenasi ao mbao wewe, na bei itolewe kwenye pesa ya nyumba, lakini muandike mbele ya kununua, na faktura ibaki kwako. Usiache kulipa nyumba kwa hasira. Ukiacha kulipa, kesi ya mlango itageuka kesi ya deni, na utashindwa.

Nne, akikataa kabisa, enda kwa shefu wa avenyu, halafu kwa ofisi ya Habitat, ambayo kazi yake ni kupatanisha mpangaji na mwenye nyumba mbele ya kufika mahakamani. Ikishindikana hapo, kesi ni ya Tribunal de paix. Usiende peke yako.

Tunajua kwa nini wengi wananyamaza. Wanaogopa kuambiwa, "Ninyi wakimbizi, mumerudi juzi na tayari munaleta maneno." Ndugu, wewe ni mwananchi kama wengine, na ile sheria ya 2015 haiulizi ulikuwa wapi miaka yote.

Na siye wenyewe tulikosea. Tulipokuwa tunasaidia familia kulipa miezi ya kwanza, fomu yetu iliuliza bei, hesabu ya vyumba, choo na maji. Haikuuliza kama mlango unafungika. Tuliingia kwa yule mama mara mbili, tukaona ile meza karibu na mlango, tukaandika "nyumba inafaa". Tumemuomba msamaha. Sasa mstari wa mlango na madirisha umeingia katika fomu, na pesa haitoki mpaka mtu wetu amefunga mlango yeye mwenyewe.

Kwa chama, tunaomba mambo mawili. Wanachama wawili wamsindikize kila anayeenda kupanga, na katibu abaki na kopi ya kontra na ya hali ya nyumba. Kwa wafadhili, tunaomba mkopo mdogo wa kadenasi, mbao na fundi, ambao mpangaji ataurudisha pole pole ao utatolewa kwenye pesa ya nyumba. Munatoa pesa ya cherehani, na tunawashukuru. Lakini cherehani inalala usiku ndani ya nyumba, nyuma ya mlango. Mlango ukianguka, msaada wenu unaenda nao.

Leo mukifika nyumbani, kila mmoja ajaribu mlango wake wa nyuma. Kama haufungiki, juma ijayo aje na daftari, tutaandika pamoja ile mistari mitatu.