Shamba la Kijiji na Daftari Lake

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya mashamba ya pamoja ya enzi ya Azimio la Arusha, hawakosekani watu, tena wengine wasomi wenye vyeo, wanaotoa hukumu kwa sentensi moja: mkulima wa Tanzania hakupenda kufanya kazi na wenzake. Ndugu walimu na watumishi wa umma, hukumu hiyo haimtendei haki mkulima. Watu waliolimiana, kujengeana na kuvuniana kwa msaragambo tangu enzi za mababu hawakuhitaji kufundishwa ushirika. Kilichowashinda ni kitu kingine, na yafaa kichunguzwe, kwa kuwa kingali hai katika ardhi ya vijiji hadi leo.

Huko Litowa, mkoani Ruvuma, vijana wa TANU walianza kijiji chao mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla Azimio halijatangazwa tarehe 5 Februari 1967, na kabla Mwalimu Nyerere hajatoa andiko la Ujamaa Vijijini mwezi Septemba mwaka huo huo. Hakuna aliyewahamisha kwa nguvu. Kazi ilipangwa mkutanoni, mapato yakagawanywa kwa makubaliano, na shule yao ikawafundisha watoto maisha ya kijiji chao wenyewe. Chama chao cha maendeleo kilifikia kuunganisha vijiji 17. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Uamuzi huo ulikuwa kosa, na kusema hivyo si kukibeza Chama. Chama kinachojiheshimu hakiogopi historia yake. Kilichovunjwa pale hakikuwa jina tu, bali mazoea ya wakulima kujiamulia na kujihesabia.

Isimani, mkoani Iringa, mambo yalikuwa ya namna nyingine. Huko walikuwapo wakulima wakubwa wa mahindi waliolima kwa matrekta na kuvuna kwa jasho la vibarua, na dai la kuwagawia ardhi wasio nayo lilikuwa dai la haki. Lakini maswali yaliachwa bila majibu: nani mwenye haki juu ya shamba lililokwisha kufyekwa, na linatwaliwa kwa utaratibu upi? Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi shambani kwa Said Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa na kunyongwa. Taifa lilipoteza kiongozi shupavu, na maswali yale yakabaki pale pale.

Ndipo zikaja operesheni. Mwaka 1968, katika andiko la Uhuru na Maendeleo, Mwalimu alikuwa amekataa watu kulazimishwa kuingia katika ujamaa. Mwezi Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni walihama. Shule, zahanati na visima viliwafikia wengi kwa mara ya kwanza, na hilo halipaswi kusahauliwa na wanaopenda kucheka. Sheria ya vijiji ya 1975 ikakipa kila kijiji kilichoandikishwa halmashauri ya watu 25.

Shamba la kijiji, hata hivyo, liliishi au kufa kwa daftari. Humo yaliandikwa majina na siku ambazo kila mmoja alilima, ili mavuno yakiuzwa, malipo yafuate siku. Utaratibu huo ni wa haki kabisa, madhali kila mtu anaweza kuliona daftari. Mahali pengi karani alilifungia ofisini. Mtu aliyelima kutwa nzima hakujua kama ameandikiwa kutwa au nusu. Mke na mume walilima pamoja. Siku zikaingia kwa jina la nani? Magunia yalipakiwa, gari likaondoka, na habari za bei zikachelewa hadi msimu wa pili. Basi mvua ya kwanza iliponyesha, mkulima alikimbilia shamba lake la nyumbani, na la kijiji akalipalilia magugu yalipokwisha kumfika magotini. Huo haukuwa uvivu. Ilikuwa hesabu, na aliifanya vizuri kuliko waliomlaumu. Ndiyo maana mashamba ya bega kwa bega, ambamo kila kaya ilikuwa na kipande chake ndani ya shamba kubwa, yalipata wapenzi: mtu aliweza kuona jasho lake limeota wapi.

Sheria ilichelewa kuwafikia watu waliohamishwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Chini yake halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu, wala haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Masjala ya ardhi iko mikononi mwa mtendaji wa kijiji, na ardhi ya jumuiya, yaani malisho, misitu, vyanzo vya maji, inatakiwa iwe na daftari lake.

Daftari tena! Pale ambapo kurasa zake ni tupu, malisho huonekana kama pori lisilo na mwenyewe, na wanakijiji huja kugundua kwamba limetolewa siku wanapokuta vigingi vimekwisha kupigwa. Wakiuliza, huonyeshwa muhtasari wa kikao ambacho wengi wao hawakukisikia.

Mwalimu anayeishi kijijini ni mjumbe wa Mkutano Mkuu sawasawa na mkulima jirani yake, na mkutano huo hupaswa kufanyika kila miezi mitatu. Aweza kusimama na kuomba daftari la ardhi ya jumuiya lisomwe kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na mipaka. Naye mtendaji aliyeajiriwa na umma hana sababu ya kujibu kwamba hiyo ni siri ya ofisi. Na kama daftari lenyewe bado halijafunguliwa, kazi hiyo iingizwe katika ajenda za mkutano ujao, na wachungaji, wanawake wanaoteka maji na wazee wanaoijua mipaka waitwe mapema.