Mwasho wa Kuumwa na Wadudu
(Maneno tuliyowaambia wanachama, Free Area)



Msitucheke mkituona tunajikuna hapa mbele yenu. Sisi tunaofyeka nyasi na kuzibua mitaro tumeliwa na mbu tangu mvua zianze. Na ajabu yake ni kwamba pareto, ua linalolimwa Molo na kusagwa kiwandani hapa hapa Nakuru, ndilo dawa ya kuua mbu duniani kote, nasi jirani zake tunarudi nyumbani na mikono imevimba!

Mbu jike akinyonya damu hututia mate yake, na mwili ukiyakataa mate hayo ndipo tunapowashwa. Kujikuna kunazidisha mwasho, tena kucha zenye uchafu wa mtaro hupasua ngozi, pakatunga usaha. Hapo ndipo siku za kazi zinapopotea, na kwa kibarua siku iliyopotea ni unga uliopotea.

Basi tuoshe mahali palipoumwa kwa maji na sabuni, kisha tuweke kitambaa cha maji baridi kwa dakika kumi hivi. Dawa ya maji ya kalamini yafaa pia. Mafuta ya taa tuyaache: mwenzetu mmoja alijipaka, mwasho ukabaki na ngozi ikababuka. Vidonge vya Piriton hutuliza mwasho lakini huleta usingizi. Dereva au mtu wa mashine asivimeze akienda kazini.

Walio na kazi upande wa Gilgil wajihadhari zaidi. Katika msitu wa Utut kuna usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, asiyevuma, akaaye mapangoni na katika nyufa za miamba. Huyu huambukiza lishmaniasi, ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Kidonda chake pengine hakiumi, kwa hiyo mtu hukidharau miezi mingi, mwisho kinamwachia kovu usoni. Kipele kikigeuka kidonda kisichopona kwa wiki tatu, nenda hospitali, ukamweleze daktari ulikuwa ukifanya kazi wapi.

Sasa habari ya gambuti na glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape nguo za kujikinga wanaofanya kazi ya majimaji au ya vitu vya kudhuru. Mbu hakutajwa humo, lakini mtaro ni majimaji, hakuna wa kubisha. Ambao hawajapewa waandikishe majina yao kwa katibu leo kabla hatujatawanyika.