Chuma Kwanza, Rangi Baadaye: Hotuba ya Kamati ya Ujenzi

 

Kama mnavyofahamu, mwaka huu tulikubaliana kumwongezea nyumba bibi yetu mmoja anayelea wajukuu sita katika vyumba viwili. Ahadi zenu zimekuja nyingi: milango, madirisha, vigae, rangi, hata mapazia. Tunawashukuru sana. Kitu kimoja tu hakijapata mchangiaji, nacho ni boriti mbili za chuma.

Sababu tunaielewa. Boriti ikishafunikwa kwa plasta, hakuna atakayeiona. Hata sisi kamati tulitaka kuikwepa. Fundi wa kwanza alishauri tuvunje ukuta wa nyuma, kisha tuweke mbao juu ya uwazi ili kuokoa fedha, nasi tulikuwa karibu kukubali. Mhandisi alipokuja, aliuliza swali moja: paa lote hili litasimama juu ya nini? Tulinyamaza.

Ukuta ule ndio unaobeba paa, kwa hiyo kazi itakwenda kwa hatua. Kwanza paa litashikiliwa kwa mirunda imara pande zote mbili, ndipo ukuta utobolewe. Boriti haitakaa juu ya tofali tupu, maana mzigo ukikusanyika mahali pamoja tofali hupasuka. Itakaa juu ya vitako vya zege. Zege huchukua siku 28 hivi kufikia nguvu yake iliyokusudiwa, nasi tutalimwagilia maji na kulisubiri. Boriti itapakwa rangi ya kuzuia kutu, nafasi kati yake na ukuta wa juu itashindiliwa saruji, na mirunda itaondolewa mwisho kabisa.

Ndugu zetu, hatuwatishi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Na hapa kwetu, wengi tunakumbuka Julai 2007, matetemeko ya upande wa Oldoinyo Lengai yalipotikisa nyumba hadi Arusha mjini. Tunaishi Bonde la Ufa. Ardhi yetu haimwulizi mtu kama aliishiwa fedha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu, ukianguka, utaangukia watoto sita waliolala.

Ombi letu ni hili. Kama uliahidi rangi au mapazia, turuhusu fedha yako iende kwenye chuma kwanza. Rangi inaweza kusubiri mwaka ujao. Mweka hazina yuko meza ya mbele, na kila shilingi itaandikiwa risiti. Kabla ya plasta kupigwa tutawaita wote mje mzione boriti zenu kwa macho.

 Karibuni tuchangie.