Msokoto Usiofumuka: Kwa Nini Aina za Homotopia Zinadai Aljebra

Katika semina moja niliuliza ni aljebra gani inayoweza kubeba aina za homotopia, yaani maumbo yakitazamwa bila kujali kunyooshwa wala kukunjwa. Baadaye mwenzangu mmoja aliniambia: "Swali lako Kan alishalijibu miaka ya 1950. Kompleksi zake zinabeba kila aina ya homotopia. Aljebra unaitafutia nini tena?" Mhadhara huu ni jibu langu kwake.

Msingi wa kuziandika aina hizo kwa aljebra mnaujua: Mac Lane na Whitehead mwaka 1950, Loday mwaka 1982, kisha Grothendieck mwaka 1983 akitaka grupoidi za daraja zisizo na kikomo (mifumo ya hatua zinazounganishika na kugeuzika) zibebe aina zote za homotopia. Siurudii.

Kompleksi ya Kan husema kila pembe, yaani umbo lililokosa upande mmoja, ina kijazo. Haisemi kipi. Waambie watu wawili waunganishe njia zilezile mbili: wataleta majibu mawili, yote sahihi. Na jibu lisilotajwa huwezi kuliandikia sheria. Nakubali kwamba Nikolaus, mwaka 2011, alionyesha tunaweza kuchagua kijazo kimoja kwa kila pembe bila kupoteza aina yoyote ya homotopia. Lakini vijazo hivyo havifungwi na mlinganyo wowote baina yao. Kuchagua kumefanyika; sheria ya kukokotolea bado haipo.

Sasa tazameni tulichokipata kwa kuidai sheria hiyo. Mwaka 1991 Kapranov na Voevodsky walichapisha uthibitisho kwamba, ili grupoidi zibebe aina zote za homotopia, yatosha sheria za kuunganisha ziwe usawa kamili, mradi vinyume tu vilegezwe. Mwaka 1998 Carlos Simpson akaonyesha kwamba haitoshi, na tufe la kawaida ndilo shahidi wake.

Makala hiyo ya Simpson nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila mara namkumbuka bibi yangu akinifundisha kusuka ukili. Pitisha chane moja juu ya nyingine, kisha rudia. Kila moja imerudi upande wake, lakini zimesokotana. Katika grupoidi yenye usawa kamili, kupishana huko hakuachi alama: mzunguko mzima ni sawa na kutofanya kitu. Kwenye tufe sivyo. Hopf alionyesha mwaka 1931 kwamba msokoto huu upo, nao huhesabika moja, mbili, tatu, bila kufumuka kamwe. Kwa hiyo grupoidi ya daraja la 3 yenye usawa kamili haiwezi kuubeba.

Simpson hakuishia kubomoa. Alipendekeza kwamba kinachohitaji kulegezwa ni utambulisho peke yake, yaani ile hatua ya kutofanya kitu. Joyal na Kock wakathibitisha hilo kwa aina za daraja la 3 ambamo kila kitanzi hukunjika kuwa nukta. Utajiri wote huo umejificha ndani ya kutofanya kitu! Sijui jambo zuri kuliko hili katika topolojia.

Voevodsky mwenyewe aliandika kwamba aliendelea kuamini uthibitisho wake na Kapranov hadi 2013. Mwanahisabati wa kimo chake hakuuona msokoto kwa miaka zaidi ya 20. Basi tusidhani macho yetu yanatosha.

Mwenzangu alikuwa sahihi kwamba kompleksi ya Kan ya tufe ilikuwa na msokoto huo tangu mwanzo. Ila haikutulazimisha kuutaja. Aljebra ilitulazimisha, na ndiyo sababu bado naitafuta.