KUCHAGUA MTAMBO WA BARIDI WA MASHUA YETU

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Molo)



Mkutano uliopita ulitutuma sisi watatu tuangalie jambo la friji ya ile mashua ambayo kikundi chetu cha akiba kinaijenga pamoja na wenzetu wa Kisumu. Tumekwenda, tumeuliza, tumepima, na leo twaleta majibu. Twajua wako watakaosema, watu wa Molo, wenye viazi na kondoo, wana habari gani za mashua? Lakini reli na ziwa ni ndugu tangu mwanzo. Meli ya William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika ziwani mwaka 1901, na feri ya Uhuru iliyoanza kazi mwaka 1966 ilijengwa ibebe mabehewa. Tena pesa ni zetu. Wako hapa wazee waliotoa sehemu ya malipo yao ya kustaafu, na hao hawana mshahara mwingine wa kurudisha zikipotea.

Kazi ya mashua mwaijua. Itachukua wageni wanane kwenda visiwa vya Rusinga na Mfangano, siku tatu na malazi mawili, na wageni watataka kula nyama na kunywa kitu cha baridi. Mwenye duka mmoja wa mjini ametuambia tununue friza kubwa ya nyumbani, ile yenye mlango wa mbele, na inveta ya kugeuza umeme wa betri, na tumpe nusu ya pesa sasa. Tena akatuonyesha friza ya namna hiyo ikifanya kazi hapa hapa Molo. Kweli ilikuwa ikipumzika zaidi kuliko inavyofanya kazi, na wenzetu wengine walifurahi sana.

Ndugu, hapo ndipo pa kutazama vizuri. Molo iko juu, karibu mita 2,500, na Kisumu iko chini, kama mita 1,130. Friji haitengenezi baridi kama mwokaji atengenezavyo mkate. Inatoa joto nje ya sanduku, na joto lingine linaingia tena kupitia kuta usiku na mchana. Linaingia kwa kadiri ya tofauti ya nje na ndani. Ndani twataka digrii 5. Hapa Molo nje ni 15, tofauti ni 10 tu. Kisumu mchana ni 30, tofauti ni 25. Basi friji ile ile ikishuka ziwani itaingiwa na joto mara mbili na nusu. Kuijaribu hapa ni kama kujaribu breki za behewa kwenye njia tambarare na kusema zitafaa mteremko wa Londiani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni sanduku, mtambo ni wa pili. Karibu kila mtu tuliyezungumza naye alianza na mtambo, maana mtambo unang'aa na una taa, na povu lililo ndani ya kuta halionekani. Lakini povu ndilo mali. Tulipiga hesabu ya sanduku la lita 100, lenye povu gumu la unene wa sentimita 10 pande zote pamoja na chini na kifuniko. Katika joto la Kisumu litaingiwa na joto la kuyeyusha kilo 3 hivi za barafu kwa siku, likiwa limefungwa. Lile lile likiwa na povu la sentimita 3, litakula kama kilo 10. Friji nyingi za nyumbani zina kuta nyembamba, kwa sababu mwenye kuziunda anataka nafasi ndani na anajua umeme wa ukutani hauishi.

Kifuniko nacho kiwe juu. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa mbele inamwagika miguuni kama maji, na hewa ya moto inashika mahali pake. Ukifungua kifuniko cha juu, hewa baridi inakaa chini ilipokuwa.

Sasa kuna swali ambalo hatukutumwa kuuliza, lakini tumeliuliza. Je, kwa siku tatu twahitaji mtambo kweli? Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inakula joto ambalo lingepasha kilo moja ya maji baridi kama barafu mpaka digrii 80. Hiyo ni nguvu kubwa, na haina waya wala pampu ya kuharibika. Sanduku zuri lahitaji kilo 3 kwa siku, tuseme 6 pamoja na kufunguliwa-funguliwa, basi kilo 20 zatosha safari nzima. Ila mpishi awe na adabu. Kreti moja ya soda 24 zilizokaa juani, ikitiwa ndani, inakula kilo mbili na nusu za barafu kabla hata mgeni mmoja hajanywa. Soda zipozwe pwani usiku wa kuamkia safari. Nyama nayo, hii ya kondoo wa Molo tunayojisifia, igandishwe huku kwetu mpaka iwe jiwe, ishuke Kisumu imefungwa vizuri, nayo itakuwa barafu ya pili ndani ya sanduku.

Wenzetu wa Kisumu wanasema safari zikifuatana wiki nzima, kutafuta barafu kila mara ni taabu, na siku barafu ikikosekana wageni wameharibikiwa. Hilo ni neno la haki, hatulipingi. Basi tukija kwenye mtambo, kuna namna chache.

Ile ya gesi tunaikataa. Friji ya moto, ya gesi au mafuta ya taa, ilibuniwa na Waswidi wawili mwaka 1922, na hospitali nyingi za misheni zilihifadhi dawa kwa friji za namna hiyo pasipokuwa na umeme. Ni chombo cha heshima kikiwa kimesimama sawasawa juu ya sakafu. Mashua inalala upande, na maji ya ndani ya mabomba yake hayatiririki tena inavyopasa. Lililo baya zaidi, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka tumboni mwa mashua chini ya mbao za kukanyagia, na inakaa hapo ikingoja kiberiti. Kuna pia visanduku vidogo vya kuchomeka kwenye gari, visivyo na kompresa. Hivyo vinakula betri na baridi yake ni kidogo, tuvipite.

Friza ya nyumbani na inveta nayo hatuipendi. Kompresa yake ikianza inavuta umeme mara kadhaa kuliko ikiwa inakwenda, hivyo inveta lazima iwe kubwa, na inveta yenyewe inakula kitu hata friza ikiwa imepumzika.

Inayobaki ni kompresa ndogo ya volti 12, inayofanya kazi moja kwa moja kwa betri. Hapa sisi wa reli tuko nyumbani, maana wazee waliofanya kazi ya taa za mabehewa wanajua betri kuliko mwenye duka yeyote. Kompresa hiyo inavuta kama ampea 4 ikiwa inakwenda. Tuseme kwa joto la Kisumu inakwenda saa 12 katika 24. Hiyo ni kama 50 kwa siku, yaani ampea moja mara saa hamsini. Betri ya risasi isishuke chini ya nusu, ama itakufa mapema. Tukitaka siku mbili za mawingu bila shida, basi betri ziwe za 200. Paneli moja ya sola ya wati 100, siku ya jua zuri, inarudisha kama 30. Kwa hiyo ziwe mbili, na zisiwekwe chini ya kivuli cha turubai, jambo ambalo fundi wa mashua alikuwa tayari amelichora. Kompresa iwekwe mbali na injini, penye hewa ya kupita, maana ni lazima itupe joto lake mahali.

Wengine wanataka friza ili mashua irudi na samaki wa kuuza. Friza yataka digrii 18 chini ya sifuri, na kwa joto la Kisumu tofauti inakuwa 48, karibu mara mbili ya friji. Betri na paneli zote zitaongezeka, na samaki wabichi wakitiwa humo wote kwa siku moja, kompresa ndogo haitawaweza. Wavuvi wanajua njia yao, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na maji ya barafu yatoke chini. Biashara ya samaki ije mbele ya mkutano kama jambo lake peke yake, na hesabu yake.

Basi twaomba mkutano ukubali haya. Nusu ya pesa asipewe mwenye duka. Sanduku la lita 100 lijengwe kwanza, na kabla fundi hajafunga kuta kwa fibaglasi mmoja wetu awepo Kisumu na rula apime povu. Likiisha, litiwe kilo 20 za barafu, likae Kisumu siku tatu, na barafu iliyobaki ipimwe kila asubuhi. Likifaulu, safari za kwanza ziende kwa barafu, na pesa za kompresa zikae benki mpaka safari zenyewe ziilipe. Mzee mmoja wa taa za mabehewa amejitolea kuangalia nyaya wakati huo ukifika. Nauli ya kwenda kupima povu haijapangwa, na twaomba mweka hazina aseme leo itatoka wapi.